Karatasi Ninazo, Neno Sina

 

Leo nina kesi. Jumapili iliyopita simu yangu iliingiza meseji tatu kabla hata sijapiga mswaki. Nikafurahi, nikajua leo nimekumbukwa. Kumbe bwana, zote tatu ni kadi za michango ya harusi! Ya kwanza ya jamaa niliyesoma naye sekondari, ya pili ya mtoto wa mama mwenye nyumba, na ya tatu ya mtu ambaye mpaka naandika hapa sijamjua ni nani. Ndugu yangu, ukiwa kapera katika jiji hili la Dar es Salaam wewe ni benki. Tofauti ni moja tu: benki watu huwa wanarudisha.

Na jinsi kadi zenyewe zilivyo na dharau! Chini wameandika bei mbili, ya mtu mmoja na ya watu wawili. Ukilipia ya mtu mmoja, kamati nzima inajua. Mwenyekiti anajua, mweka hazina anajua, na siku ya shughuli unakalishwa meza ya nyuma karibu na spika, pamoja na mjomba mmoja mlevi na mabinti wawili wa kidato cha pili.

Basi siku hiyohiyo jioni alikuja kwangu dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Dada ana miaka 31, ana kazi yake, kodi ya nyumba analipa mwenyewe, na friji lake halijawahi kukosa kitu. Tatizo lake ni moja tu kwa mujibu wa ukoo wetu: hajaolewa. Alikuwa anatoka kwenye arobaini ya mtoto wa binamu, na huko akina mama wadogo walimweka kati kama mtuhumiwa. "Mwenetu, unasubiri nini?" "Mwenetu, usichague sana." "Mwenetu, kuna kijana mmoja anatafuta." Alipofika kwangu alivua viatu, akajitupa kwenye kochi, akasema, "Mdogo wangu, weka kitu chochote cha kuchekesha. Ila kisiwe na harusi."

Na mshikaji wangu mmoja, fundi simu wa mtaani kwetu, naye alikuwepo. Yule haondokagi mpaka aone chakula cha jioni kimeiva.

SASA NDIYO TUKAWEKA HIYO FILAMU

Bando lilikuwa linaelekea ukingoni, filamu ya saa mbili isingewezekana. Nikatafuta ya dakika chache, nikaangukia moja ya kutoka Australia inaitwa Signs. Ni ya mwaka 2008, inachukua kama dakika 12 tu, yaani hata ubwabwa haujakauka maji. Ilitengenezwa kwa ajili ya tamasha la filamu fupi lililodhaminiwa na watu wa soda wa Schweppes, na aliyeiongoza ni bwana mmoja anaitwa Patrick Hughes.

Hilo jina huenda usilijue, lakini kazi zake unazijua. Huyu ndiye aliyekuja kuongoza The Expendables 3 mwaka 2014, ile ya Sylvester Stallone na wazee wenzake wa bunduki, halafu mwaka 2017 akaongoza The Hitman's Bodyguard ya Ryan Reynolds na Samuel L. Jackson. Vibanda umiza vyote vimeonyesha hizo, mtafsiri kashika maiki anapiga kelele kuliko mabomu yenyewe. Lakini kabla ya mabomu, huyuhuyu bwana alitengeneza filamu ya kijana ambaye hawezi hata kusema "mambo" kwa msichana. Ndiyo maana nakwambia usimdharau mtu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kijana anaitwa Jason, anafanya kazi ya ofisini. Asubuhi treni, mchana makaratasi, jioni treni. Kila anakogeuka watu wako wawili wawili, yeye peke yake kama kiatu kimoja. Si mbaya wa sura, hanuki, hana deni. Hana mtu tu. Nadhani unamjua Jason. Labda umemwona leo asubuhi kwenye kioo.

Siku moja anainua macho, jengo la ng'ambo ya barabara, dirishani, kuna binti anaitwa Stacey naye anafanya kazi. Jamaa akawa anapiga chabo kidogo kidogo. Binti akamfuma! Na hapo ndipo raha inapoanzia, maana binti hakufunga pazia wala hakuita mlinzi. Alichukua karatasi, akaandika maneno ya kumchokoza, akaibandika kiooni. Jason nusura azame chini ya meza. Lakini akajikaza, naye akachukua karatasi akajibu.

Basi kuanzia siku hiyo ikawa kazi ndiyo hiyo. Huyu anaandika, yule anaandika. Utani, vichekesho, habari za bosi. Hakuna anayefungua mdomo, filamu karibu yote haina mazungumzo, na bado unacheka mpaka basi. Jason anabadilika, treni ileile sasa anaiona kama basi la harusi. Mpaka siku moja anajipanga aandike lile swali lenyewe: tuonane? Anaandika, anaahirisha. Anaandika, anaahirisha. Kesho. Siku anapopata moyo wa kuinua karatasi, anaangalia ng'ambo, binti hayupo!

Hapa fundi simu alipiga paja. "Si nilisema! Kachelewa huyo!"

Dirisha tupu. Jason anarudi kuwa kiatu kimoja. Halafu siku nyingine mwanga unamchoma usoni, mtu anammulika na kioo kutoka dirisha lingine. Kumbe Stacey amepandishwa cheo, kahamishiwa ofisi nyingine. Na safari hii ni yeye binti anayeuliza kuhusu kuonana. Jason anashuka mbio. Wanakutana barabarani, uso kwa uso, hakuna kioo katikati, na hata hapo wanaanza kwa karatasi. Mwisho.

Nikiwa nimekuharibia utamu nisamehe, lakini ina miaka mingi hiyo na ulikuwa na muda wa kuiona.

DADA AKATOA HUKUMU

Mimi nilitegemea dada aseme "jamani, wazuri hao." Akakaa kimya kama dakika nzima. Halafu akauliza, "Mmeona nani kaandika kwanza?"

Tukaangaliana na fundi. "Msichana," nikasema.

"Na nani kamuuliza mwenzake kuhusu kuonana?"

"Msichana."

"Na nani kapandishwa cheo?"

Fundi akasema, "Dada, sasa hiyo siyo komedi, hiyo semina."

Lakini dada alikuwa na hoja, na sijaacha kuifikiria tangu Jumapili. Alisema hivi: wanaume mnadhani filamu hii ni ya Jason, kwa sababu kamera imekaa upande wake. Lakini kila hatua ya maana kaifanya Stacey. Yeye ndiye aliyegeuza kuchunguliwa kukawa mazungumzo. Maana kijana kukukodolea macho dirishani si mapenzi, ni kero. Yakawa mapenzi pale mwenyewe alipokubali kwa mkono wake na karatasi yake. Asingeandika, ile filamu ingekuwa ya mtu wa kuripotiwa.

"Sasa mimi," dada akaendelea, "nikiandika kwanza katika mji huu, kesho nitaitwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Na wewe msomaji usijibu haraka, maana jibu unalijua.

Kule kwa wenzetu kuna programu moja ya kutafutia wapenzi, inaitwa Bumble, ilianzishwa mwaka 2014 na sharti lake kubwa lilikuwa hilo: mkishapendana picha, mwanamke ndiye aandike kwanza, mwanaume anyamaze asubiri. Watu wakaona ni maajabu ya dunia. Mwaka 2024 wakalilegeza hilo sharti, mwanamke akaruhusiwa kuweka swali lake mapema ili mwanaume alijibu, maana hata kuandika kwanza kila siku kunachosha. Karibuni kwenye chama, akina dada. Sisi wanaume tumechoka tangu zamani.

Lakini nikamwambia dada, mbona bibi zetu wa pwani walikuwa na mabango yao siku nyingi? Kanga ni nini kama siyo karatasi ya Stacey? Mwanamke hafungui mdomo, anapita tu na ujumbe umeandikwa kiunoni, mwenye kusoma asome. Wa kupendwa anajua, jirani mwenye wivu anajua, mume aliyelala nje anajua. Na siyo kanga peke yake. Kulikuwa na kadi za salamu redioni, unamsalimia mtu mmoja unayempenda ukimficha katikati ya majina kumi usiyoyajali. Kulikuwa na marafiki wa kalamu. Kulikuwa na kurasa za kutafuta wachumba kwenye magazeti, mtu anajieleza urefu, rangi na dini, na mwisho anaomba picha itumwe pamoja na barua. Kwa hiyo hii habari ya kumtafuta mtu kwa maandishi hatukuletewa na simu. Tulikuwa nayo.

Dada akacheka, akasema, "Kanga nimeacha kuvaa nje tangu nimeanza kazi. Labda ndiyo tatizo."

FUNDI NAYE AKALETA YAKE

Fundi hakutaka kushindwa. Akasema hiyo ya karatasi ni ndoto, filamu ya mapenzi ya sasa ni nyingine, akaiweka kwa bando lake (nikajua leo kweli anataka kushinda). Inaitwa Noah, ya Kanada, mwaka 2013, dakika 17. Waliitengeneza vijana wawili wanafunzi, Walter Woodman na Patrick Cederberg, wa chuo kilichokuwa kinaitwa Ryerson pale Toronto, ambacho tangu 2022 kinaitwa Toronto Metropolitan University. Katika tamasha kubwa la filamu la Toronto mwaka huohuo ikachukua zawadi ya filamu fupi bora ya Kanada. Wanafunzi, jamani! Sisi wanafunzi wetu tunawalaumu kwa kushinda kwenye simu, wenzao wameshinda kwenye kompyuta wakatoka na zawadi.

Ajabu ya hii ni moja. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho unachoangalia ni kioo cha kompyuta ya kijana Noah. Unaona anachofungua, anachofunga, anachoandika halafu akafuta. Inachekesha kwa sababu ni sisi kabisa: anaongea na mpenzi wake huku anacheza gemu, huku anachati na mshikaji, huku anasikiliza muziki. Tahadhari moja: kuna vipande humo si vya kuangalia na mama mkwe.

Anaongea na mpenzi wake, Amy, kwa Skype, ile huduma iliyofungwa 2025. Wamemaliza shule, kila mmoja anaelekea chuo, binti anaanza kusema kitu kizito, mara mtandao unakatika. Sasa wewe jiulize: mpenzi wako anaanza kusema "unajua..." halafu mtandao ukakatika. Kichwa cha Noah kikaanza kuchemka. Na neno la siri la Facebook ya binti analijua. Akaingia! Akapekua. Akaona binti anachati sana na kijana mwingine. Basi, kwa hasira, akabadilisha yeye mwenyewe ile sehemu ya uhusiano kwenye ukurasa wa binti, ikaonyesha yuko huru. Dunia nzima ikajua wameachana kabla mwenye ukurasa hajajua.

Baadaye akapekua tena. Kumbe yule kijana wa watu hakuwa hata mtu wa kumtaka Amy. Too late, kama wasemavyo wazungu, maji yameshamwagika na kudekiwa. Noah akaishia kuzurura Chatroulette, ule mtandao ulioanza 2009 wa kukutanishwa na watu usiowajua mmoja baada ya mwingine, na humo ndimo alipopata binti mmoja wa kuongea naye vizuri. Akamwomba Facebook yake. Binti akasema hana.

Tulipomaliza nikamgeukia fundi, nikategemea atacheka. Alikuwa kainama.

"Vipi mshikaji?"

Ndipo akatutolea siri. Mwaka jana alikuwa na binti, mtaratibu, wanaelewana. Siku moja binti yuko bafuni, simu ikalia. Fundi, kwa kuwa ni fundi wa simu, kuifungua kwake ni kama kufungua soda. Akaona jina limehifadhiwa "Fundi Friji", na meseji inasema: nimefika, niko nje, nifungulie. Weee! Mshikaji hakuuliza. Alijua mjini hapa kila mchepuko unaitwa fundi, yeye mwenyewe kuna mahali kahifadhiwa kama "Mama Mkubwa Tanga". Akamwaga maneno yote ya dunia, akachukua begi lake akaondoka.

Baada ya wiki tatu akakutana na mama wa yule binti sokoni. Mama akamsalimia vizuri, akamwuliza habari za kupotea, halafu akamwambia, "Lile friji limepona, yule fundi alikuja siku ileile uliyoondoka."

Msomaji, nilitaka kucheka, na dada alikuwa tayari kajifunika uso na mto. Lakini fundi alikuwa anaangalia chini. Akasema, "Nilienda kuomba radhi mara mbili. Kaniambia hana hasira na mimi. Kasema tu hawezi kukaa na mtu anayemfungua kama simu mbovu."

Hakuna aliyecheka tena. Hiyo sentensi naiacha hapo. Mwenye kupekua simu ya mwenzake aikate aibandike kwenye mlango wa bafu.

KWA NINI ZINAKUWA FUPI

Hapa naomba niseme kidogo kuhusu hizi filamu fupi, maana watu wanazidharau, wanadhani ni filamu iliyoishiwa hela. Komedi yenyewe ilizaliwa fupi. Mwaka 1895 kule Ufaransa akina Lumière walionyesha ile ya mtunza bustani na mpira wa maji: kijana mtukutu anaukanyaga, mzee anachungulia tundu, kijana anaachia, maji usoni. Haifiki hata dakika moja, na ukimwonyesha mtoto leo anacheka. Mpaka leo wale wa Oscar wanahesabu filamu fupi kuwa ile isiyozidi dakika 40.

Kuna nyingine ya katuni naipenda, Paperman ya Disney, mwaka 2012, dakika kama 7 hivi, imeongozwa na John Kahrs. Nayo ni ya ofisi na dirisha. Kijana kamwona binti kituo cha treni, New York ya miaka ya 1940, busu la rangi ya mdomo likabaki kwenye karatasi yake, halafu akampoteza. Kufika kazini anamwona jengo la ng'ambo! Anaanza kumrushia ndege za karatasi, moja baada ya nyingine, na zote zinakwenda kusikotakiwa. Bosi kasimama mlangoni anamwangalia. Ilishinda Oscar Februari 2013, na usiku huohuo mtayarishaji wake, mama mmoja anaitwa Kristina Reed, akarusha ndege za karatasi kutoka ghorofani ndani ya ukumbi, walinzi wakamtoa nje! Baadaye wakamrudisha. Filamu yako imeshinda tuzo na wewe umefukuzwa ukumbini, hayo ndiyo maisha.

Nilichogundua ni kwamba hizi fupi haziwezi kukuzungusha. Katika ile ndefu, kijana ana saa nzima ya kujipanga. Kwenye dakika 12 huna kesho nyingi. Ama uinue karatasi, ama filamu iishe. Na sisi tunaishi kama tuko kwenye ndefu.

SASA KESI YANGU

Nilisema mwanzo nina kesi, na hujaisikia bado. Nimezunguka kwa sababu naona aibu.

Mimi kalamu hii hainilishi peke yake. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kusema "tumshukuru Mungu", na mchana nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi cha kaka yangu. Kwa hiyo karatasi ninazo. Ninazo rimu kwa rimu, nyeupe, za rangi, ngumu na laini. Kama mapenzi ni karatasi, mimi ningekuwa na wake wanne.

Mwaka huu alikuwa anakuja binti mmoja, mwanafunzi wa unesi, kuprinti ripoti yake. Leo kurasa sita, kesho amesahihisha anarudi. Anapenda kusimama pembeni ya mashine, anasoma vichwa vya mitihani ya watoto inayotoka, anajibu maswali kwa sauti na anakosa kwa makusudi. Nilicheka na yule binti kuliko nilivyocheka na mtu yeyote mwaka huu. Nikawa najipanga. Kesho nitamwambia twende tukanywe juisi. Kesho mashine ikagoma. Kesho alikuja na mwenzake. Kesho nilikuwa nimevaa shati baya. Siku aliyokuja kuchukua ripoti nzima, nimeitia jalada la bluu kwa mikono yangu, akaniambia, "Haya, ndiyo mwisho huu, asante sana." Nikamwambia nini? Nikamwambia, "Elfu nne na mia tano."

Nilipoisimulia hiyo, fundi alitoka nje kabisa kwenda kucheka.

Dada yeye akauliza, "Namba yake huna?"

Hapo ndipo aibu ilipo. Namba ninayo. Alikuwa ananitumia ripoti kwa WhatsApp. Na tangu aondoke nimeangalia stetasi zake zote, siku hadi siku, miezi miwili. Naye anaona kuwa nimeangalia, maana jina langu linatokea pale chini. Yaani mimi ni Jason kamili, nimesimama dirishani na natazama, ila yeye hana karatasi na mimi ninazo rimu kumi.

Dada hakunicheka. Alisema, "Sikiliza mdogo wangu. Ile namba alikupa kwa kazi, hakukupa umtongoze. Kwa hiyo utaandika mara moja. Kwa heshima. Utajitambulisha, utasema unachotaka, na utampa nafasi ya kukataa bila kuona vibaya. Asipojibu, unanyamaza na stetasi unaacha. Kuandika mara moja ni uungwana. Mara tano ni polisi."

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika. Fundi akashauri niweke moyo mwekundu, dada akamnyang'anya kiti. Mwisho ikawa hivi: "Habari. Ni mimi wa fotokopi. Nilitamani kukualika juisi kabla hujamaliza ripoti nikashindwa kusema. Kama uko tayari nitafurahi, kama hauko tayari hakuna ubaya, na jalada likilegea lilete tu."

Ikaenda. Tiki moja. Tiki mbili. Tangu 2014 wametuwekea zile tiki za bluu ili tujue saa hasa tuliyodharauliwa. Zikawa bluu. Kimya. Tukala wali kimya kama msibani.

Jumatatu kimya. Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa natoa nakala za mtihani wa darasa la sita, simu ikaita mlio wa meseji. Ni yeye! Ameandika: "Nilijua ni wewe tu utakayeandika kuhusu jalada. Ungesema mwezi wa tatu. Sasa hivi nina mtu, na tumeshapanga. Lakini asante kwa kusema, umesema vizuri." Na chini yake kukafuatia picha. Nikafungua.

Kadi ya mchango.

Msomaji, nilikaa chini kwenye boksi la karatasi. Mwalimu aliyekuwa anasubiri nakala akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni mashine imepata moto.

Nimelia? Sijalia. Niseme kweli, jioni ile nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia mwepesi. Miezi miwili nilikuwa na swali, sasa nina jibu. Stetasi nimeacha kuangalia. Na nimejua kwamba mwezi wa tatu jibu lingekuwa lingine, hilo ndilo linaloniuma, na nimeamua liniume kidogo ili nisilisahau. Katika filamu binti anahamia ofisi nyingine akakumulika kwa kioo. Mjini kwetu anahamia kwa mtu mwingine, na kioo hamulikii mtu.

Mchango nitatoa. Wa mtu mmoja.

Fundi simu naye ameacha tabia yake, au anasema ameacha. Juzi mteja alimletea simu imepasuka kioo, mshikaji akaitengeneza huku ameangalia pembeni.

Na dada? Jana alipita kibandani akitoka kazini. Akasimama, akaangalia huku na huku, akaniomba karatasi moja nyeupe na kalamu ya wino mzito. Nikamwuliza ya nini. Akasema, "Wewe toa karatasi." Nikampa. Akataka kulipa, nikakataa.

Sijauliza tena. Akiniambia nitakwambia, akinikataza sitakwambia.

Tukutane wiki ijayo, ukurasa huuhuu, Mungu akipenda. Na kama una karatasi mfukoni, mwenzangu, itoe leo.